Nilivyokwenda Uporoto Kuutolea Ushahidi Mbaruti

Mmenichosha, jamani. Tangu nirudi siwezi kufika sokoni bila mtu kunishika mkono: Mwalimu Zuhura, ulisema unakwenda siku tatu, mbona umekaa wiki tatu? Uliumwa? Umeolewa huko? Mwingine, na ninamjua, ameeneza kwamba basi liliniacha porini. Halikuniacha. Nimeona niandike mara moja, msome wote, halafu mniache ninywe chai yangu kwa amani. Mambo ya tiketi na vitambulisho nayaruka, kila mtu anayajua.

Kwanza, kwa nini nilikwenda

Hamisi, mdogo wangu, mnamkumbuka. Ni yule aliyekwenda Mbeya kuuza vitenge, akaoa huko huko na kugeuka mkulima wa viazi. Shamba lake liko juu Uporoto, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi bila sweta unarudi ndani kimya kimya. Misimu miwili iliyopita shamba hilo liliingiliwa na mbaruti, ule mmea wa miiba wenye ua la zambarau. Ukikomaa hutoa nyuzi nyeupe mfano wa usufi, kila kishada na mbegu yake, upepo ukija unabeba. Viazi vikasongwa. Vibarua walipalilia siku moja, kesho yake hawakuonekana, wakasema mikono yao haikuumbwa kwa kazi ile.

Jirani yake ni mjane, Mama Tusekile. Mama huyo ana kipande cha shamba alichokiacha bila kulima tangu mumewe afariki, na humo mna mibaruti, tena ya siku nyingi. Hamisi akajumlisha moja na moja. Akanitumia picha mbili kwa simu, moja ya kwake, moja ya kwa mjane, akaniuliza: Dada, wewe umefundisha baiolojia miaka thelathini, huu si mmea mmoja? Mimi nilikuwa jikoni nakoroga maharage. Nikatazama kwa jicho moja, nikaona miiba, nikaona zambarau, nikamjibu: Ni huo huo.

Kwa maneno hayo matatu watu wawili waliacha kusalimiana. Hamisi alipeleka shauri kwenye baraza la kijiji, akadai kipande cha mjane apewe yeye, kiwe fidia ya misimu miwili na akisafishe kwa mkono wake. Baraza likasema tumekusikia, lakini mlete huyo mtaalamu atamke mbele yetu. Mtaalamu, Mungu anisamehe, ndiye mimi. Kwa hiyo nilipanda basi kwenda kumnyang'anya mjane shamba lake. Wakati ule sikuliita hivyo, nililiita kumsaidia mdogo wangu.

Iringa mpaka Nyololo, ambako basi lilikataa

Mnajua tabia yangu, nikikaa dirishani tu usingizi unanichukua. Ifunda nilipita bila kuiona. Mafinga niliiona nusu. Misonobari ilikuwa inapita kwenye ukungu safu kwa safu, na mimi katikati ya usingizi nikaona ni wanafunzi wangu wamepanga mstari asubuhi, nikawa nawahesabu na kila mara mmoja ananitoroka. Nilizinduka kwa kimya. Basi lilikuwa limesimama, na watu wameanza kusonya.

"Dakika kumi tu," dereva akasema. Dakika kumi za dereva, wenzangu, zilikuwa saa tatu na nusu. Tulishuka. Nikanywa chai ya tangawizi na andazi lililolala, nikatembea tembea kupasha miguu moto. Hatua chache kutoka pale palikuwa na watu wawili wanafunga viazi vya kupakia kwenye lori. Mmewahi kuangalia lumbesa inavyofungwa? Viazi vinajazwa mpaka vinapita mdomo wa gunia, vinasimama kama kilemba. Juu yake wanashindilia nyasi kavu ili visidondoke wala visipigwe jua, kisha kamba inapitishwa huku na huku mpaka kilemba kinatulia. Kazi nzuri, nilikuwa naitazama kama ndotoni. Ila mwalimu akiona kazi inafanyika hawezi kufunga mdomo.

"Hapo umelegeza," nikamwambia mmoja.

"Basi shona wewe, mama."

Nikaingiza mkono kwenye nyasi ili nimwonyeshe. Uwii! Ndani ya nyasi mlikuwa na mbaruti mkavu, ukanichoma vidole vitatu kwa mpigo. Wale watu wakacheka mpaka mmoja akakalia gunia. "Huyo ndiye askari wa viazi, mama. Nyasi tunakata huku huku Mufindi, kando ya shamba, na yeye anakuja humo humo."

Nilikasirika, kisha nikafurahi, maana nilikuwa nimepata kielelezo cha kuonyesha barazani. Kilikuwa kichwa kimoja cha ua, kikubwa kama yai la kuku, kimesimama peke yake kwenye shina. Nikakifunga kwenye gazeti. Halafu nikafanya kosa: nikakaa juu ya jiwe, nikatoa lenzi yangu ya mkono, ile niliyokuwa nikiwaonyeshea wanafunzi miguu ya nzi, nikaanza kukikagua mbele za watu.

Mwanamke mmoja wa kwenye basi letu akasogea. "Kamwene, mama. Hiyo ni ya nini?"

"Ya ushahidi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa mengi. Akakaa karibu zaidi, akashusha sauti. "Na ya mume asiyerudi nyumbani, unayo?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasema ndiyo, ndiyo, kwa heshima zote. Basi lilipotengemaa nilikuwa na watu wanne mbele yangu, mmoja ana goti, mmoja ana kesi, na baba mmoja mtu mzima akaniamkia shikamoo. Kadiri nilivyokataa kuwa mganga ndivyo walivyozidi kuniamini.

Makambako mpaka Chimala, bega kwa bega na Masanja

Makambako akapanda baba mmoja mrefu, makamo yangu, amejifunga shuka begani, fimbo yake kondakta amemlazimisha aiweke chini ya viti. Akakaa kando yangu. Anaitwa Masanja. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga akiwa mdogo, wakateremkia bonde la Usangu, na sasa analima mpunga Madibira na ng'ombe anao bado. Alikuwa anakwenda Chimala kumwona binti yake aliyejifungua.

Tukashuka. Mnaujua ule mteremko: baridi inakuacha mwilini kidogo kidogo, unavua sweta, unavua mtandio wa pili, na chini yako bonde linafunguka. Mpunga ulikuwa umeshavunwa. Mabua yamelala manjano mpaka mwisho wa macho, marundo ya pumba yanafuka moshi mwembamba, ndege weupe wanasimama kwenye maji yaliyobaki bila kujishughulisha na mtu. Hakuna kilichokuwa na haraka kule chini. Nilihisi hata basi linaelea.

Masanja akafungua kifuko, akanipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa vikawa vigumu kama ngozi. Unatafuna taratibu, utamu unakuja baadaye sana.

"Hii karatasi umebeba nini ndani?" akaniuliza.

Nikamweleza yote: Hamisi, mjane, picha, baraza. Alisikiliza huku akitafuna.

"Sisi Wasukuma huku tumezoea," akasema. "Jani jipya ikiota, ni Msukuma kaleta. Maji ikipungua, ni Msukuma. Hata inzi wakizidi, sisi." Akacheka peke yake. "Lakini mara moja ilikuwa kweli. Nyuma ya nyumba yetu iliota majani ya ajabu, kila mtu anauliza, na sisi tunauliza, tunalaumu ndege wa angani. Mwaka mzima. Siku moja mama kaangalia vizuri, kasema, jamani, hii ni ya kwetu kule. Nimeileta mimi kwenye nyasi za tenga la kuku."

Nikacheka nami. Hadithi tamu ile.

"Sasa mwalimu, huyo mdogo wako, mbegu ya viazi alitoa wapi?"

"Mbegu nzuri sana," nikajibu kwa maringo. "Nilimnunulia mimi mwenyewe Mufindi. Magunia manne, yamefungwa lumbesa, nikampelekea kwa lori iwe zawadi."

Maneno yakanitoka, nikayasikia. Masanja alitazama gazeti lililokuwa mapajani mwangu, kisha akatazama nje kwenye mpunga, akaendelea kutafuna. Mimi nikafumba macho nikajifanya nalala, na usingizi kwa ubishi wake ukaja kweli. Nikaota magunia yangu manne yanatembea bondeni mguu kwa mguu, yamevaa vilemba vya nyasi, na kila linalopita linaniambia shikamoo mwalimu. Kutoka kwenye vilemba usufi mweupe unatoka, unapanda juu, unageuka mawingu. Ilikuwa ndoto nzuri kwa macho, lakini niliamka moyo unanienda mbio.

Chimala Masanja alishuka. "Uwasalimie," akasema, na akanisukumia mfuko wote wa matobolwa.

Uyole kwenda juu, ndani ya Fuso

Uyole nilifika alasiri, baridi imerudi, malori yamepanga foleni na wanawake wanauza maparachichi makubwa hata mkono mmoja hautoshi. Nikala moja kwa chumvi nikiwa nimesimama. Kupanda Uporoto nilipata nafasi mbele kwenye Fuso tupu linalokwenda kuchukua viazi. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, ila alikuwa na wimbo mmoja wa kanisani aliouimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akifika mwisho anaanza upya.

Kadiri tulivyopanda ukungu uliingia ndani ya gari hata nikawa naona mikono yangu tu. Mara ng'ombe anatokea, anatutazama, anafutika. Mara ua la pareto, mara mtoto na mzigo wa kuni, mara hakuna dunia. Nilitamani tusifike. Kama tusingefika nisingepaswa kujua, na nilikuwa nimeshaanza kujua. Nawaambieni ukweli, niliogopa kifurushi kile cha gazeti kuliko nilivyowahi kuogopa mkaguzi wa shule.

Shambani kwa Hamisi

"Mtaalamu amefika!" Hamisi alipiga kelele kabla sijashuka. Amekonda. Alinikumbatia, akanibeba na begi langu. Wifi yangu Atupele alikuwa ameinjika viazi vya maganda na maharage, na chai ya maziwa yenye utando juu. Tulikula karibu na moto. Hamisi alikuwa anaongea bila kupumua: baraza ni kesho saa nne, wazee wako upande wake, mimi nikitamka tu yamekwisha. Atupele alikuwa haongei. Yeye na Mama Tusekile waliwahi kuteka maji pamoja kila siku.

"Nionyeshe shamba kwanza, kabla giza halijaingia," nikasema.

Mibaruti ilikuwa imesimama kwenye matuta, mingine inanifika kifuani. Nikachuma kichwa kimoja, nikafungua gazeti, nikaviweka cha Nyololo na cha Uporoto sambamba kwenye kiganja. Vikubwa vyote, kila kimoja kimesimama peke yake. Jani nikalipitisha kidole juu: linakwaruza kama msasa, kote kote. Kisha nikatoa usufi, nikaweka lenzi. Kila uzi ulikuwa na vinyuzi vidogo pembeni, huku na huku, kama unyoya wa kuku. Vya Nyololo ni manyoya, vya Hamisi ni manyoya.

"Umeona?" Hamisi akaniuliza kwa furaha.

"Ile mbegu niliyokuletea, magunia uliyafungulia wapi?"

"Pale juu kwenye kona. Kwa nini?"

Nikatazama kona ya juu. Pale mibaruti ilikuwa imesongamana hata huwezi kuona udongo. Kutoka pale inateremka, inapungua, inapungua, na kwenye mpaka wa Mama Tusekile ilikuwa mmoja mmoja. Mtu mwenye macho angeona kwamba adui hakupita mpakani. Lakini nilikuwa sijaona wa mjane bado, na kwa kweli bado nilikuwa naomba ufanane.

"Nyasi za juu ulizitupa pale pale?"

"Nilitandaza ardhini, mbolea ile. Dada, mbona unauliza mambo ya nyasi?"

Nikamwambia nimechoka, nikalale.

Ng'ambo ya mpaka

Asubuhi nilivuka mpaka peke yangu, umande unalowesha viatu. Mibaruti ya mama yule ilikuwa mifupi, imejikusanya. Vichwa vidogo vitatu vinne vimebanana mahali pamoja, kama watu wanaoota moto. Zambarau yake imepauka, mingine karibu nyeupe. Jani lina miiba pembeni tu, juu ni laini. Nikapuliza usufi kwenye kiganja, nikaweka lenzi. Nywele tupu. Nyuzi zimenyooka, hakuna hata kinyuzi kimoja pembeni. Nikachuma wa pili, wa tatu, wa kumi. Nywele, nywele, nywele.

Ni ndugu, hilo sikatai, mtu asiye na lenzi angeapa ni mmoja. Lakini huu ni mwenyeji wa mlima, ulikuwepo kabla ya viazi kufika huko. Ule wa Hamisi ni mgeni, na aliyemkaribisha ni mimi.

Nilikuwa nimepiga magoti hivyo niliposikia mtu nyuma yangu.

"Umekuja kupima?"

Ni Mama Tusekile. Mdogo wa umbo, kanga mbili na koti la mwanamume. Mikononi alikuwa amejifunga matambara, na matambara yana damu. Nikaona sasa kwamba upande wa juu wa kile kipande mibaruti ilikuwa imekatwa na kurundikwa. Alikuwa anaifyeka kwa panga, peke yake, mzee yule.

"Nimemaliza huku juu," akasema haraka. "Na kule nitamaliza. Waambie wasubiri. Mume wangu kalala pale kwenye ile miti, nikitoa shamba nitakuwa napita kwa watu kwenda kumwona. Waambie naifyeka."

"Mama, mimi si mpimaji. Mimi ni dada yake Hamisi."

Nilitegemea anifukuze. Akatazama vidole vyangu vilivyovimba tangu Nyololo, akasema, "Pole. Weka maziwa ya ng'ombe, inapoa." Kisha akageuka akaendelea kufyeka.

Nilirudi nikiona haya hata ya kukanyaga ardhi.

Barazani

Hamisi nilimwambia njiani, maana sikutaka asikie mbele za watu. Nilimwonyesha lenzi. Hakutaka kutazama.

"Dada, ulisema ni huo huo."

"Nilikosea. Niliangalia vibaya."

"Kwa hiyo misimu yangu miwili umeiua wewe."

"Mimi."

"Sema tu kwamba huna uhakika," akaniomba, na sauti yake ilikuwa ya mtoto niliyembeba mgongoni. "Usinivue nguo mbele ya watu. Sema inafanana. Si inafanana?"

Inafanana, wenzangu. Hapo ndipo nilipojua jinsi uongo unavyokuwa karibu, ni kusema tu kitu ambacho ni kweli na kunyamaza. Moyo uliniuma sana. Ni mdogo wangu, baba na mama hawapo, tumebaki wawili.

Ofisi ya kijiji ina mabenchi na dirisha moja. Mwenyekiti ni mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, hana mzaha. Akanikaribisha kwa cheo kirefu ambacho sina. Nikasimama, nikaweka mibaruti miwili juu ya meza, nikawaambia waje waone wenyewe.

Ilichukua muda! Kila mzee alishika lenzi, akatazama wa manyoya, akatazama wa nywele, halafu akatazama kucha zake, akatazama jicho la jirani, akarudi kwenye wa manyoya. Usufi ulipeperuka ukajaa chumbani, ukawa unaelea kwenye mwanga wa dirisha, unatua kwenye kofia na mabega, hakuna aliyeufukuza. Kwa muda kidogo baraza zima likawa linautazama. Nami nikatamani tukae hivyo hivyo tu.

"Si mmoja," hatimaye mzee mmoja akasema. "Huu una manyoya."

"Sasa wa manyoya umetoka wapi?" Mwenyekiti akaniuliza.

Nikawaambia. Mufindi, magunia manne, nyasi za kilemba, kona ya juu. Nikasema mtu aliyemtia Mama Tusekile lawamani ni mimi, kwa kutazama picha huku nakoroga maharage, na mtu aliyeleta mbaruti kwa Hamisi ni mimi vilevile.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mtu akanong'ona nyuma, na wengine wakacheka. Hamisi akainuka. Hakunitazama. Akatoka, mlango ukagonga ukuta.

"Na shamba langu?" Mama Tusekile akauliza. Nadhani alikuwa hajasikia mengine yote.

"Ni lako, mama," Mwenyekiti akasema. "Nenda nyumbani."

Hakushangilia. Alijifunika uso kwa yale matambara ya mikononi, akabaki hivyo.

Siku zile nyingine

Sasa mnajua nilikuwa na kazi gani. Hakuna aliyeniamuru. Nilinunua glavu nene za wapasua mawe, nikaanza kung'oa kona ya juu, mmoja mmoja na mzizi wake, kwa kuwa ukiukata unacheka tu na kurudi. Miaka sitini na miwili, na mgongo wangu huu mnaoujua. Vichwa nilivifunga kwenye mfuko, tukavichoma. Atupele alikuja siku ya pili na jembe lake, akaanza tuta la pembeni. Hamisi hakuja. Alikuwa anakula nami sahani moja bila kunisemesha, siku tano nzima. Siku ya sita nilimkuta shambani kabla yangu, ameshamaliza matuta mawili.

"Usifikiri nimekusamehe," akaniambia.

"Sijafikiri."

"Mzizi unauacha. Chimba hivi."

Ikawa hivyo. Tukang'oa sisi watatu, ukungu ukija tunapotezana, ukiondoka tunaonana tena mahali pengine. Zilikuwa siku tamu, sijui niwaelezeje, mikono inawaka moto na kichwa kimetulia kabisa.

Ila mpakani kulikuwa bado kimya. Mama Tusekile alikuwa analima kile kipande sasa, ameanza kukigeuza, tunamwona na yeye anatuona. Wiki ya tatu ilipoanza, Hamisi akasimama asubuhi pale mpakani, akavua kofia. Tangu shauri lile lianze hakuwa amemsalimia.

"Ugonile, mama," akasema.

Mama Tusekile hakuinua kichwa. Hamisi akangoja, akavaa kofia, akarudi kwenye tuta lake. Kesho yake akaenda tena, akasimama pale pale. "Ugonile, mama." Jembe likaendelea kupiga udongo. Aliporudi nilimwona anafuta pua kwa mkono, nikajifanya naangalia mlima.

Siku ya tatu nilimwambia apumzike, ampe mama muda. Akasema hapana. Akaenda, akavua kofia, akasalimu. Jembe likasimama. Mama Tusekile akanyoosha mgongo, akamtazama, akatazama shamba letu lote tangu kona ya juu mpaka chini, polepole, tuta kwa tuta.

"Hamisi," akasema. "Huo wa kule mferejini umeuruka."

Akanyoosha jembe kuonyesha. Hamisi akageuka akaona.

"Ndiyo, mama," akasema, akateremka mbio kwenda kuung'oa.

Mimi nikakaa chini kwenye tuta, nikalia kwa sauti, mpaka wifi yangu akaja mbio kuniuliza nimechomwa wapi.